Kidonda cha mtoto kimetunga usaha na mtoki umemtoka: je, kinga yake imeshuka?

“Habari za kazi daktari. Mwanangu ana miaka 9. Jumapili iliyopita alianguka uwanjani akicheza mpira, akachunika ugokoni. Nilimsafisha kwa spiriti, akalia sana, kisha nikakiacha kidonda wazi kipate hewa kikauke. Siku ya tatu kikaanza kuvimba na kutoa usaha wa njano unaoelekea ukijani. Nikanunua kapsuli nne za rangi mbili duka la dawa. Mbili nikampa akameza, mbili nikazifungua nikamwagia unga wake kidondani. Leo ni siku ya tano, kidonda kimefanya gamba gumu, ukibonyeza usaha unatokea pembeni, na mtoki umemtoka kinenani upande uleule wa mguu. Jana usiku alichemka kidogo. Leo anakula na anatembea. Jirani anasema mtoto ana damu chafu. Bibi yake amekataza mayai na maharage, eti vinaongeza usaha. Mdogo wake alichunika siku ileile akapona bila dawa. Je, kinga ya mwanangu imeshuka? Nimpe vidonge vya kuongeza kinga? Na huo mtoki niukande?”

Mama, umeuliza mengi, ila naona hofu iliyo chini yake ni moja: kwamba usaha na mtoki ni dalili za mwili ulioshindwa. Nianzie hapo, kwa sababu ukishajua usaha ni kitu gani na mtoki unatoka wapi, mengine mengi utaweza kuyapima mwenyewe. Kwa hayo uliyonieleza, sioni dalili kwamba kinga ya mwanao imeshuka. Inafanya kazi, tena kwa bidii. Hilo halimaanishi kidonda kiachwe hivyo kilivyo. Nataka mtoto aonwe zahanati kesho asubuhi, na sababu nitakueleza, lakini ningependa uende ukijua kinachoendelea ndani ya ule mguu.

Tabaka la juu kabisa la ngozi yetu ni seli zilizokwisha kufa. Zinazaliwa chini, zinasukumwa juu taratibu huku zikijaa protini ngumu iitwayo keratini, zinabapa, zinakufa, na mwisho zinalaliana kama makuti yaliyoezekwa, mafuta yakiziba nafasi zilizo katikati. Kuanzia kuzaliwa hadi kupukutika, seli moja huchukua kama mwezi mmoja. Bakteria aliyejishikiza juu ya ngozi anajikuta kila siku pale alipojishikiza panabanduka na yeye anadondoka napo. Isitoshe ni pakavu, na jasho pamoja na mafuta ya ngozi hupafanya pawe na uchachu kidogo, pH ya karibu 5, ambao bakteria wengi wa maradhi hawaustahimili vizuri. Ndani ya jasho zimo protini ndogo zinazotoboa utando wa bakteria. Halafu wapo bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya ngozi bila kutudhuru. Hao wamekwisha kula nafasi na chakula, na baadhi yao hutoa kemikali zinazowazuia bakteria wengine kuota hapo.

Mtoto anapochunika, haya yote huondoka kwa mara moja kwenye eneo lile. Panabaki nyama mbichi, yenye joto, majimaji na chakula tele. Bakteria wanaoingia mara nyingi ni wa aina ya stafilokokasi au streptokokasi, na si lazima wametoka kwenye udongo wa uwanja. Stafilokokasi hukaa puani kwa karibu mtu 1 kati ya 3, bila kumuumiza. Mtoto anachokonoa pua, anakuna kigaga, kazi imekwisha. Hapo ndipo penye sehemu kubwa ya jibu kuhusu mdogo wake. Watoto wawili wanaweza kuanguka pamoja, mmoja akachunika juujuu na mwingine akabaki na vijichanga ndani ya kidonda. Mmoja anabeba bakteria hao puani, mwenzake habebi. Mmoja anakuna, mwingine amekwisha kusahau. Tofauti kama hizo zinatosha kabisa kufanya kidonda kimoja kitunge usaha na kingine kikauke, na kinga zao zikawa sawasawa.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Dakika chache baada ya ngozi kuchanika, seli zilizotulia chini yake humwaga histamini na kemikali nyingine. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuta zake zinalegea, majimaji yanavuja kuingia kwenye nyama, damu nyingi zaidi inafika. Ndiyo joto, uvimbe na maumivu uliyoyaona. Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliziorodhesha dalili hizi karibu miaka 2000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwenye ngozi nyeusi, huo wekundu unaosifiwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni ngozi iliyokoza kuliko kawaida, au yenye kuelekea zambarau, imetanuka na inang'aa. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye ugoko mzima kwanza, kisha kwenye ule wenye kidonda, ukianzia mbali na kidonda na kukisogelea polepole. Pale joto linapoanzia ndipo uvimbe unapoishia. Tia alama hapo kwa kalamu ya wino, zunguka kidonda chote, na andika saa. Mstari huo utatusaidia kuliko maelezo marefu.

Kupitia kuta zile zilizolegea, ndani ya saa chache zinaingia seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Uboho wa mifupa ya mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 za seli hizi kila siku, na bado haziishi muda mrefu. Zinajipenyeza nje ya mshipa, zinafuata harufu ya kemikali za bakteria, zinawameza na kuwaua ndani kwa ndani kwa kemikali ileile inayofanya kazi kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Aliyeitambua kazi hii ya kumeza kuwa ni kinga ya mwili ni Mrusi, Elie Metchnikoff, mwaka 1882 huko Messina, Italia. Alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao miili yao huonyesha hadi ndani, akawachoma miiba ya waridi. Kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi zao kuhusu kinga.

Nyutrofili zikishameza zinakufa. Marundo ya nyutrofili zilizokufa, pamoja na bakteria na nyama iliyoyeyuka, ndiyo usaha. Hata ule ukijani uliokutia hofu, kwa kawaida ni rangi ya kimeng'enya cha nyutrofili zenyewe, chenye chuma ndani yake, kinachotengeneza ile kemikali ya kuulia. (Ukijani mkali unaong'aa, wenye harufu kama ya matunda, ni habari nyingine. Huo hutoka kwa bakteria wa aina tofauti, na ukiuona mwonyeshe mhudumu.) Mgonjwa ambaye kinga yake imeanguka kweli, kwa mfano aliye kwenye dawa kali za saratani na nyutrofili zake zimekwisha, anaweza kuwa na kidonda kilichojaa bakteria na usaha usionekane kabisa. Madaktari tunaogopa zaidi kidonda cha namna hiyo.

Hata hivyo usaha ukifungiwa unadhuru. Ndani ya mfuko wa usaha hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo seli mpya hazifiki vizuri, na dawa unayomeza haifiki vizuri pia. Usaha unatakiwa utoke. Na kwa mwanao, kinachouzuia ni lile gamba gumu, ambalo kwa sehemu limetokana na ule unga.

Mtoki nao una njia yake. Majimaji yanayovuja kwenye nyama hayapotei, yanakusanywa na mishipa myembamba ya limfu na kurudishwa kwenye damu, na njiani hupita kwenye tezi. Tezi za mguu ziko kinenani. Ndani ya ngozi zimo seli zenye matawi, ambazo Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, akidhani ni za neva. Kazi ya seli hizo tuliijua baadaye sana: zinaokota vipande vya bakteria na kusafiri navyo hadi kwenye tezi, kuvionyesha kwa limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu. Katika mamilioni ya limfosaiti zilizomo, ni chache tu zinazolingana na kipande hicho. Hizo zikishapatikana zinaanza kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, kwa siku kadhaa, na baadhi zinaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa bakteria huyo. Tezi lazima ivimbe, maana ndani yake seli zinaongezeka kwa kasi. Siku ya tano ndipo hasa ningetegemea kuuona.

Kwa hiyo usiukande. Kuukanda, kuuchua kwa mafuta ya moto au kuubandika majani hakupunguzi kilichomo, kunamuumiza mtoto bure, na kama ndani kuna usaha kunaweza kuusambaza. Mtoki wa kawaida ni kama gololi, unauma ukiugusa, na unatembea chini ya kidole. Utachelewa kupungua kuliko kidonda, wiki mbili hadi nne baada ya kidonda kupona si ajabu. Nataka uurudishe kwa daktari ukiwa unazidi kukua, ukiwa laini kama umejaa maji na ngozi ya juu imebadilika, ukiwa mgumu na umeganda mahali pamoja, au ukiwa bado upo baada ya wiki sita. Niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine: watu wengi huuficha mtoki kwa sababu unahusishwa na magonjwa ya zinaa. Magonjwa hayo yanaweza kuuleta, ni kweli, lakini kidonda cha mguuni, hata mkwaruzo kati ya vidole, huuleta pia. Mtoto asione haya kusema kinena kinamuuma.

Kuhusu damu chafu, jirani amesema kinachosemwa miaka mingi, na sina sababu ya kumlaumu. Lakini kidonda hiki hakikutoka ndani kuja nje. Kilianzia nje, kwenye ngozi iliyofunguka. Damu ya mtu mwenye afya haina bakteria wanaozaliana ndani yake, na takataka zake husafishwa na figo na ini, bila dawa za kusafisha damu zinazouzwa stendi. Ipo hali ya maambukizi kusambaa mwilini kupitia damu. Hiyo ni dharura yenye dalili zake, nitazitaja, na mtoto aliye nayo haombi chakula wala hatembei nyumbani kama wako leo.

Bibi, kwa heshima zote, mwambie mayai yarudi. Seli zote nilizozitaja, kingamwili zote, na ngozi mpya itakayofunika kidonda, vinajengwa kwa protini. Maharage, mayai, dagaa, samaki, ndiyo chakula cha mtoto mwenye kidonda. Usaha hautengenezwi na yai. Mtoto anayenyimwa protini ndiye kidonda chake kinachelewa kufunga. Ikiwa itakuwa vigumu kumpinga mkweo au mama yako, sema ni maagizo ya daktari, mimi nalibeba.

Na vidonge vya kuongeza kinga? Usinunue. Kinga si kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Ni seli na kemikali za aina nyingi zinazochochea na kuzuiana, na ikizidi inaleta ugonjwa pia: pumu, mzio, lupasi, hata ule ugonjwa wa moyo unaofuata homa ya baridi yabisi kwa watoto ni kinga iliyokosea kulenga. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A au zinki anafaidika akipewa anachopungukiwa. Anayekula vizuri hapati chochote kwa kurundikiwa. Fedha hiyo inatosha trei la mayai.

Ninachokiangalia kabla ya kusema kinga imeshuka ni mwenendo wa miezi, siyo kidonda kimoja. Majipu yanayorudi tena na tena, nimonia zaidi ya mara moja kwa mwaka, vidonda visivyofunga kwa mwezi mzima, utando mweupe mdomoni kwa mtoto mkubwa, kukonda, kuharisha kusikoisha. Hapo napima sukari, kwa sababu sukari ikiwa juu nyutrofili zinafanya kazi kwa uvivu, na napima VVU, na naangalia lishe. Nauliza kama mtoto aliugua surua karibuni, maana surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ambayo kinga ilikwisha kujijengea. Nauliza pia kuhusu selimundu, na hili nakuuliza wewe: kama mwanao ana selimundu, usisubiri kesho, kwa sababu watoto hawa hupata maambukizi ya mifupa na ya damu kwa urahisi.

Tugeukie yale uliyoyafanya kwa nia njema. Spiriti inaua bakteria juu ya ngozi isiyo na jeraha, ndiyo maana tunaipaka kabla ya sindano. Ndani ya kidonda inaua pia nyutrofili na seli changa za kufunga kidonda, na bakteria walioko kwenye mikunjo na vipande vya nyama iliyokufa wanasalimika. Alexander Fleming, aliyekuja kugundua penisilini baadaye, aliliona hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akifanya kazi hospitali ya kijeshi huko Boulogne, Ufaransa. Alionyesha kwamba dawa kali za kuulia vijidudu walizomwagia majeraha ya kina zilikuwa zikiharibu seli nyeupe za askari kuliko zilivyowafikia bakteria. Maji mengi safi yanafanya vizuri zaidi, kwa sababu yanachukua mchanga na bakteria na kuziacha seli zikiwa hai.

Kukiacha wazi kipate hewa ni desturi iliyoenea mno, hata baadhi yetu wahudumu bado tunaisema. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa London, alitengeneza majeraha ya juujuu kwenye ngozi ya nguruwe, mengine akayafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki, mengine akayaacha hewani. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda. Sababu yake si ngumu. Seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na zinatambaa juu ya unyevu. Kidonda kikikauka, inabidi zichimbe kupita chini ya kigaga. Kwa hiyo kidonda kisafi kifunikwe.

Kapsuli ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Kwanza, rangi mbili haituambii ni dawa gani. Dawa kadhaa tofauti zinauzwa kwenye maganda ya rangi mbili, na baadhi si za kuua bakteria kabisa. Pili, hata kama ni ampisilini au amoksilini, stafilokokasi wengi siku hizi wana kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo inahitajika dawa ya aina nyingine. Tatu, unga wa kapsuli umetengenezwa upite tumboni. Ukimwagwa kidondani unagandamana na usaha, unafungia uchafu ndani, na unaweza kumfanya mtoto apate mzio wa dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli. Na kapsuli mbili si dozi ya maradhi yoyote ninayoyafahamu. Fleming huyohuyo, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwa ajili ya penisilini, alionya kwamba itafika siku dawa itauzwa madukani, na mtu atameza kidogo kuliko inavyotakiwa, na bakteria watakaobaki watakuwa wamejifunza kuihimili. Hapa tulipo ndipo alipopaogopa. Peleka ganda au karatasi iliyobaki zahanati wajue alimeza nini, na wasipoweza kuitambua waambie tu ukweli. Hakuna atakayekutukana, na akikutukana, kosa ni lake.

Sasa, anahitaji antibayotiki au hapana? Wako wataalamu watakaokuambia kidonda kidogo chenye usaha kinahitaji kuoshwa na kufunguliwa tu, na wanasema kweli, jipu dogo lisilo na uvimbe unaosambaa mara nyingi hupona hivyo. Kwa mwanao, joto la jana usiku na uvimbe unaozunguka kidonda vinanisogeza upande wa dawa, ya kumeza, kwa uzito wake, na kumaliza siku zote atakazoandikiwa. Mtoki peke yake usingenisukuma huko. Lakini mimi sijauona mguu. Anayeuona na kuugusa ndiye aamue, na akisema dawa haihitajiki, usilazimishe.

Kwa usiku wa leo fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kiweke juu ya gamba kwa dakika kama kumi, rudia hadi lilainike, kisha ulitoe polepole bila kulivuta. Likikataa, liache, zahanati watamalizia. Mwagia maji mengi, ukiuachia usaha utoke wenyewe. Kubonyeza kwa vidole kunausukuma ndani. Sabuni ya kawaida ipite pembeni, kwenye ngozi nzima. Funika kwa shashi, au kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa kikapigwa pasi ya moto pande zote, na ubadilishe kila siku na kila kinapolowana. Mafuta ya mgando yasubiri hadi usaha ukome, ndipo upake kidogo kuzuia kidonda kisikauke na kitambaa kisigande, ukiyachota kwa kijiko safi. Mkate kucha mtoto, apewe taulo lake peke yake, na mpira usubiri. Akichemka mpe parasetamoli kwa uzito wake.

Tena tafuta kadi yake ya kliniki. Chanjo ya pepopunda imo ndani ya pentavalenti, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, lakini kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita, na kidonda cha uwanjani chenye mchanga ni kidonda cha kuulizia. Mwambie mhudumu: “Naomba muangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda.” Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi katika hali ya mbegu ngumu isiyokufa kwa jua, na huamka mahali pasipo na oksijeni, kama chini ya gamba zito lililofungia nyama iliyokufa. Sumu yake ni kali kiasi kwamba kinachotosha kumuua mtu ni kidogo mno kuizindua kinga, na ndiyo maana hata aliyeugua akapona anaweza kuugua tena. Kwa ugonjwa huu, kinga inayotegemewa ni ya chanjo.

Usingoje asubuhi ikiwa uvimbe utauvuka ule mstari wa kalamu na kuendelea kupanda. Vilevile ukiona mchirizi uliokoza au unaouma unaotambaa kutoka kidondani kuelekea pajani, au akipata homa kali yenye kutetemeka, au akikataa kukanyaga mguu na kusema maumivu yako ndani ya mfupa. Maumivu makali kupita kidonda kinavyoonekana ni hatari pia, hata ngozi ikiwa haijabadilika sana. Akianza kupumua haraka, kulala kupita kiasi, kutapika kila anachokunywa, mikono na miguu kuwa baridi, hiyo ndiyo ile hali ya maambukizi kusambaa niliyosema nitaitaja: mpeleke hospitali kwa usafiri wowote, saa yoyote. Na taya likikaza, hata wiki mbili baada ya kidonda, ni hospitali moja kwa moja.

Liko jambo la mwisho ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Streptokokasi akiwa ndiye aliyeingia, kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake zinaweza kwenda kukwama kwenye figo, na hilo hutokea wiki tatu hadi sita baadaye, kidonda kikiwa kimekwisha kusahauliwa. Kwa kipindi hicho mwangalie uso kila asubuhi anapoamka, hasa kope, na mwambie akuonyeshe mkojo wake mara mojamoja. Uso ukivimba, mkojo ukiwa mchache au wa rangi ya chai ya rangi au Koka, mpeleke siku hiyohiyo kituo chenye kipimo cha mkojo na cha presha ya watoto, na uwaambie kwamba alikuwa na kidonda cha usaha. Watoto wengi hupona vizuri wakiwahi.